Basi la Kwenda Isipingo

Mireille alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, ndoo ya maji kila mkono, aliposikia binti yake akimwita kutoka juu.

"Mama! Harakisha, Gogo anataka kumeza dawa!"

"Ninakuya! Usipige kelele, watu wamelala."

Hakuna aliyekuwa amelala. Tangu maji yakatwe, jengo zima la Delmira Court liliteka kwenye bomba moja la uani, na kila asubuhi ngazi zililowa na kuteleza. Mtu aliyeishi ghorofa ya kwanza uliweza kumwonea wivu. Lifti ilikufa zamani. Mlango wake ulifungwa kwa mnyororo, na watu waliokuwa wavivu wa kushuka walipenyeza mifuko ya taka kwenye upenyo wake, hivyo kila ghorofa ilikuwa na harufu yake.

Aliingia ndani akatua ndoo. Fleti hiyo iliwahi kuwa ya familia moja. Sasa sebule ilikatwa katikati kwa mbao nyembamba: upande wa mlango walikaa Mireille na binti yake Carmel, na upande wa dirisha alikaa mwanamke mzee wa Kizulu, Gogo Khuzwayo, yaani Bibi Khuzwayo, aliyekuwa akifua nguo za watu mpaka miguu yake ilipoanza kuvimba kwa kisukari. Jikoni alilala Ambokile, Mtanzania wa Mbeya, fundi wa simu katikati ya mji. Asubuhi alikunja godoro lake, na wengine wakapata nafasi ya kupika.

"Shikamoo Gogo," Carmel alisema kwa mzaha, akampa bibi kikombe. Alimfundisha neno hilo mwenyewe, na Gogo alilijibu kwa Kizulu kila siku, wote wawili wakacheka. Carmel alizaliwa hapahapa Durban. Alikuwa darasa la tatu, na Kizulu chake kilikuwa cha watoto wa mtaani, cha kasi, chenye maneno ambayo mama yake alikuwa hayajui. Kiswahili alikiongea nyumbani tu, na Kifaransa alikisikia kanisani.

"Shuleni leo hauendi," Mireille alimwambia.

"Kesho iko mtihani ya hesabu."

"Kesho utaenda. Leo mchana mimi iko kule kwenye mkutano, na nani atakuchukua? Utabaki na Gogo, usome."

Mkutano huo ulikuwa umemnyima usingizi kwa wiki nzima. Kamati ya bunge la mkoa ilikuja mjini kusikiliza maoni ya watu kuhusu sheria mpya ya nyumba za kupanga za bei nafuu. Cathy, mwanamke wa mtaa wa Sydenham aliyeongoza muungano wa wapangaji, alikuwa amezunguka majengo mabovu ya katikati ya mji akitafuta watu wa kuzungumza. Muungano ulitaka majengo ya serikali yaliyokaa bure yageuzwe vyumba, kodi ifuate kipato cha mtu, na anayelala nje apewe paa kwanza, maswali ya karatasi yafuate baadaye. Cathy alimsikia Mireille kwenye saluni alikosuka nywele akimfokea wakala wa kodi kwa lugha tatu, akasema, "Huyu ndiye."

"Mimi kuongea mbele ya wakubwa? Hapana bana," Mireille alikataa.

"Utaongea Kiswahili. Ambokile atatafsiri."

Akakubali. Na sasa gauni la bluu la kanisani lilikuwa limening'inia kwenye msumari, limepigwa pasi, na kila alipolipita alilinyoosha tena mahali palipokuwa pameshanyooka.

Ambokile alikuwa bado anapiga mswaki dirishani kwa Gogo aliposema, "Da Mireille, hebu njoo."

Chini kwenye barabara malori yalikuwa yameziba njia. Wanaume wenye ovaroli za rangi ya machungwa walikuwa wanashuka, wengine wameshika nyundo, wengine fito za chuma. Mbele yao alisimama sherifu wa mahakama, mwenye tai, ameshika amri ya kuwahamisha ndani ya plastiki ili isilowe, maana mvua nyembamba ilikuwa imeanza.

"Leo? Si walisema tutaitwa mahakamani kwanza?" Mireille aliuliza.

"Labda walituita kwa jina la mtu mwingine," alisema Ambokile, akatema povu la dawa ya meno.

Haikuwa mbali na hivyo. Kwa miaka wapangaji walikuwa wamempa kodi wakala mmoja aliyekuja kila mwisho wa mwezi na kitabu cha risiti. Kampuni yenye jengo ilikuwa imeiambia mahakama kwamba haimjui wakala huyo, kwamba watu waliomo ni wavamizi, na kwamba wametafutwa ili wapewe notisi ya kuhama, hawakupatikana. Sherifu aliyasoma hayo pale mlangoni kwa Kiingereza, haraka haraka, huku watu wa ovaroli wakipita kando yake kwenda juu.

Mireille hakungoja waje wavunje. Alifunga mashuka yote kwenye fundo moja. Alichukua mfuko wa plastiki wenye vibali vyake vya ukimbizi na cheti cha kuzaliwa cha Carmel, akauingiza ndani ya sidiria. Alichukua pampu ya pumu ya mtoto, mkoba wa shule, sufuria, mafuta ya nywele na vitana vya kazi yake. Godoro la sponji alilibeba kichwani. Ambokile alimkokota Gogo ngazi kwa ngazi, na Carmel akawa nyuma na kiti cha plastiki, ili kila wakifika kwenye kona Gogo akae apumzike.

Nyuma yao walisikia mbao za sebule zikivunjwa. Hazikuchukua muda, zilikuwa mbao hafifu.

Kandokando ya barabara jengo zima lilikuwa limemwagwa: makabati, majiko, matandiko, televisheni iliyoangaliana na anga. Watu walitafuta vitu vyao katikati ya vitu vya wengine. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti kubwa, kisha akanyamaza ghafla, akaanza kukunja nguo. Magari yalipunguza mwendo kuangalia, taa za robot zikageuka kijani, yakaondoka.

Cathy alifika akikimbia, mwavuli umegeuzwa na upepo. Alizungumza na sherifu, akapiga simu, akapiga nyingine. Aliporudi kwa Mireille uso ulikuwa mwekundu.

"Wakili anasema amri imeshatekelezwa. Tunaweza kurudi mahakamani, lakini si leo. Ila nimepata jambo moja. Ofisi ya makazi ya muda inaleta basi. Kuna ukumbi Isipingo, kusini mwa mji, una magodoro na vyoo."

"Kwa watu wote?"

"Nimeomba kwa watu wote," Cathy alisema, na Mireille akaelewa kwamba hilo halikuwa jibu.

Basi lilikuja kabla ya adhuhuri. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye koti la mvua na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Alijitambulisha kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza: anaitwa Gumede, anatoka ofisi ya makazi ya muda, anasikitika kwa yaliyowapata. Watu wapange mstari. Kila mtu ashike kitambulisho cha Afrika Kusini mkononi.

"Na sisi tusio nacho?" Ambokile aliuliza.

"Maagizo niliyopewa ni raia na wategemezi wao," Gumede alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyelisema neno hilo mahali pengi. "Wageni wataenda kwa ubalozi wao."

"Mimi nilikimbia nchi yangu," Mireille alisema kwa Kiingereza chake cha saluni. "Nitaenda kwa embassy kuwaambia nini?"

Gumede alimtazama, akatikisa kichwa polepole, akageukia mstari.

Mvua iliongezeka. Carmel alikuwa amekaa juu ya fundo la mashuka, chini ya kipande cha boksi, na Mireille alisikia ule mluzi mwembamba ukianza kifuani mwa mtoto kila alipovuta pumzi. Alimpulizia pampu. Akapiga simu kwa Colette, mwenzake wa saluni. Colette alilala kwenye chumba cha vitanda cha wanawake, na mwenye chumba hakutaka mtoto hata kwa saa moja. Akampigia mchungaji wao. Mchungaji alisema, "Mama Carmel, ile siku tulilaza watu kanisani, mwenye jengo alitaka kutufukuza sisi wote. Tuombee." Hakukuwa na mwingine wa kumpigia. Serge, baba wa mtoto, alikwenda Cape Town kutafuta kazi ya ulinzi, na simu zake zilipungua mpaka zikaisha.

Gogo Khuzwayo hakuwa ameingia kwenye mstari. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu kwenye maji ya mvua.

"Gogo, panda," Mireille alimwambia. Waliongea kama walivyoongea siku zote, Kizulu kidogo, Kiingereza kidogo. "Dawa yako ya sindano inataka friji. Panda."

"Na huyu?" Gogo alionyesha kifua cha Carmel, si uso wake.

Mireille alivuta kipande cha boksi kimfunike mtoto vizuri.

"Mntanami, mwanangu, nisikilize," Gogo alisema kwa sauti ya chini. "Anasema wategemezi. Mjukuu ni mtegemezi. Huyu mtoto akifungua mdomo, nani atajua kwamba si Mzulu?"

Mireille alichuchumaa mbele ya binti yake, akamfuta uso kwa kiganja.

"Carmel. Utaenda na Gogo kulala kule Isipingo. Wakiuliza, wewe ni mjukuu ya Gogo. Unasikia?"

"Na wewe?"

"Mimi nitakuya kesho."

"Lakini mimi si mjukuu yake ya kweli."

"Leo uko mjukuu yake ya kweli. Ongea Kizulu tu. Usiseme maman, usiseme Kiswahili. Na ukipanda, usiniangalie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka basi iondoke."

Mtoto aliinamisha kichwa. Mireille alimvalisha mkoba wa shule, akatia pampu kwenye mfuko wa mbele, akaenda kusimama karibu na makabati, mgongo wake kwa basi. Alishika sufuria. Alianza kuipangusa kwa kanga iliyolowa, akaipangusa na kuipangusa.

Mstari ulisogea. Alisikia kila kitu.

Gumede alitazama kitambulisho cha Gogo. "Na huyu, Gogo?"

"Ngumzukulu wami," Gogo alisema. Mjukuu wangu.

"Karatasi zake?"

"Karatasi zake ziko ndani ya lile jengo, chini ya mbao mlizovunja. Panda ukazilete."

Watu kwenye mstari walicheka kidogo. Gumede hakucheka. Alimwinamia mtoto.

"Unaitwa nani, dada?"

"Carmel Khuzwayo."

"Uphi umama wakho?" Mama yako yuko wapi?

Mireille aliacha kupangusa. Alijua maneno yale. Alitaka kugeuka kiasi kwamba shingo ilimuuma.

"Akekho," Carmel alisema. Hayupo.

Mireille alipoinua macho kwa pembeni alimkuta Gumede anamtazama yeye, si mtoto. Anatazama nywele zake zilizosukwa mistari ya kupinda, halafu kichwa cha mtoto, kilichosukwa hivyohivyo. Kisha Gumede akaandika, akasogea kando, na Gogo akapanda kwa shida, mtoto akimsukuma kwa nyuma.

Carmel hakuangalia. Alikaa upande wa pili wa basi, kwa sababu aliambiwa asiangalie, na basi likaondoka. Mireille hakuona hata kisogo chake.

Cathy alimwambia hakuna atakayemlaumu asipokwenda kwenye mkutano. Mireille alikuwa anatafuta gauni la bluu kwenye rundo la nguo. Alilipata limekanyagwa, lina alama ya kiatu kifuani. Akalikung'uta, akalivaa hivyohivyo juu ya suruali, nyuma ya kabati, huku Ambokile akimkinga kwa shuka.

"Nitaenda," alisema. "Nikibaki hapa nitakuwa kichaa."

Majirani walibaki kulinda vitu. Wao watatu wakaenda kwa miguu.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa na baridi ya kiyoyozi, zulia na vikombe vyeupe. Watu walikuwa wengi: wapangaji wa majengo mengine, mawakili, wenye nyumba waliokuja na faili zao, na nyuma kabisa wanaume waliolala ufukoni, wamekaa pamoja na mablanketi yao. Mbele walikaa wajumbe wa kamati, na katikati yao mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo ambaye alisikiliza kwa makini kuliko Mireille alivyotarajia. Karani alirekodi. Palikuwa na watafsiri wa Kizulu na Kiingereza. Kwa lugha nyingine, mwenyekiti alisema, mzungumzaji aje na mtu wake.

Mwenye nyumba mmoja aliongea kwa ufasaha kuhusu wapangaji wasiolipa. Mwanamume wa ufukoni aliongea, akasema anaoga baharini kwa sababu bafu za umma zimefungwa, na watu wakapiga makofi. Mireille alikuwa hakai sawa. Alivuka miguu, akaifungua, akatoka nje kwenda kunywa maji asiyoyataka, akarudi. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka.

Mara moja alipogeuka, aliyeingia alikuwa Gumede.

Alikuwa amevua koti la mvua. Alikwenda kukaa kwenye viti vya pembeni vilivyotengwa kwa maofisa, akafungua maji ya chupa. Macho yao yakakutana. Ndiye aliyeyaondoa kwanza.

"Amekuja kutoa ripoti ya ofisi yake," Cathy alinong'ona.

"Basi ilifika?"

"Limefika. Gogo amenipigia. Wote wako ndani, wamepewa mkate na chai."

Mireille alifumba macho kidogo. Ndipo jina lake likaitwa.

Alisimama mbele ya maikrofoni, Ambokile kando yake. Maneno aliyoyakariri na Cathy yalikuwa yametoka kichwani yote. Akaongea bila hayo.

"Mimi nasuka nywele. Nafanya kazi kila siku, hata Dimanshi, siku ya kanisa, kama mteja iko. Sikuomba nyumba ya bure. Nililipa chumba nusu, nusu ya sebule, na mtu wa kodi alikuwa anakuya, anapokea, anacheka na sisi. Leo wanasema hawamjui. Wanasema mimi niliingia kwa nguvu." Alingoja Ambokile atafsiri. "Nikitafuta chumba kingine, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Anataka payslip, karatasi ya mshahara. Nywele haiko na payslip. Vyumba vya serikali viko, tunaviona, madirisha imepasuka, njiwa wanalala ndani. Kwa nini njiwa?"

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti: "Rudi kwenu, vyumba vitatosha!" Mwenyekiti aligonga meza, akasema kwamba atakayerudia atatolewa.

"Asubuhi hii wametutoa," Mireille aliendelea. "Vitu vyetu iko kwenye mvua. Basi ilikuya. Wenye kitambulisho walipanda, sisi tukabaki. Tulikuwa jengo moja, bomba moja, choo moja. Mbele ya mlango ya basi ndio tukakuwa tofauti."

Ambokile alitafsiri polepole. Mwenyekiti aliandika kitu. Kisha mjumbe mmoja kijana, mwenye shati lililochomekwa vizuri, alivuta maikrofoni yake.

"Mama, pole sana. Kwa ajili ya kumbukumbu za kamati: je, una watoto?"

Ambokile hakutafsiri. Swali lilikuwa jepesi, Mireille alikuwa amelielewa. Pembeni, Gumede aliweka chupa yake ya maji chini.

"Da Mireille," Ambokile alisema taratibu kwa Kiswahili, "tunaweza kusema hutaki kujibu."

Lakini kukataa kujibu kulikuwa sawa na kujibu. Alifikiria ukumbi wa Isipingo, chai, kifua cha mtoto kikitulia kwenye godoro kavu.

"Sina," alisema.

Ambokile aliinamia maikrofoni. "None," akasema.

"Asante," alisema mjumbe. "Nimeuliza kwa sababu kuna kifungu katika rasimu, nadhani ni kizuri, na ningependa wananchi wakifahamu. Kinasema familia yenye mtoto isilale nje hata siku moja, na mzazi asitenganishwe na mtoto wake, awe na karatasi au asiwe nazo. Mtu asiye na mtoto, kwa bahati mbaya, atalazimika kusubiri awamu ya baadaye. Basi, mzungumzaji anayefuata."

Ambokile alimtafsiria. Mireille alisikia yote, neno kwa neno, na hakuondoka pale. Mwanamke aliyeitwa baada yake alikuwa amefika, ameshashika maikrofoni, anaivuta kuelekea mdomo wake.

"Nginengane," Mireille alisema.

Alilisema bila maikrofoni, kwa Kizulu, na ukumbi mzima ulielewa. Nina mtoto.

Mwenyekiti alishusha miwani. "Mama, unasema nini?"

"Nina mtoto. Anaitwa Carmel. Iko darasa ya tatu." Hakumngoja Ambokile. Alichanganya lugha zote alizokuwa nazo. "Leo amepanda basi na mtu mwingine. Mimi nikasimama pale nikapangusa sufuria."

Mjumbe kijana aliisukuma maikrofoni yake mbali.

"Mama," alisema mwenyekiti, na sauti yake haikuwa mbaya, "dakika hii tu umesema huna. Hizi ni kumbukumbu za bunge la mkoa. Karani aandike lipi?"

"Andika yote mbili. Nilisema sina, sababu ya basi. Ninaye, sababu nilimzaa."

Karani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, karani akaandika. Kisha mwenyekiti alieleza, kwa uangalifu, kwamba kifungu kile bado ni pendekezo. Kwamba rasimu itarudi kwa wanasheria, halafu itajadiliwa, pengine mwakani. Kwamba basi halikuwa la kamati, na kamati haina uwezo wa kuliamuru. Na kwamba maneno ya mama yamewagusa wote. Akamshukuru. Mwanamke wa pili akaanza kuongea.

Mireille alitoka kabla Cathy hajamfikia. Kwenye korido alimkuta Gumede ametangulia. Alisimama karibu na ngazi, simu mkononi, hajaipiga.

"Kwa nini umesema mimi nikiwa ndani?" alimuuliza kwa Kiingereza. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka. "Pale nje niliweza kutoona. Unafikiri sikuona? Humu ndani siwezi kutosikia. Kila mtu amenisikia nikisikia."

"Utamtoa?"

"Nina mkubwa wangu. Ana mkubwa wake." Aliitazama simu. "Ripoti nitaipeleka kesho asubuhi. Leo nimechoka, sitaiandika leo."

"Kesho iko na mtihani ya hesabu."

Gumede alitia simu mfukoni, akashuka ngazi bila kuaga, na viatu vyake vizuri vilisikika mpaka chini.

Cathy na Ambokile walimkuta ameegemea ukuta anafunga kanga kiunoni, anaivuta iwe imara, kama anayejiandaa kubeba mzigo. Cathy alianza kusema habari za wakili, kwamba ushahidi huu ni mkubwa, kwamba sasa wana jambo la kupeleka mahakamani, kwamba hata magazeti.

"Sawa, Cathy. Peleka," Mireille alisema. "Mimi naenda Isipingo."

"Hawatakuruhusu kuingia."

"Najua. Nitakaa kwenye lango. Wakimtoa kesho, asitoke akakuta hakuna mtu."

Ambokile alisema atabaki na vitu vyao, asiwaze; atafunika godoro. Akavua koti lake, akampa. Lilikuwa limelowa, lakini alilivaa.

Mvua ilikuwa imepungua alipofika kwenye stendi ya taxi, mabasi madogo ya abiria. Watu wa kazini walikuwa wanarudi makwao, wamesongamana chini ya mabati, makondakta wakiita majina ya mahali. Alipata nafasi mbele, karibu na dereva. Gari lilitoka mjini kwa kusitasita, robot moja baada ya nyingine, halafu barabara ya kusini ikafunguka na dereva akakanyaga mafuta.

"Isipingo unashuka wapi, dada?"

"Kwenye ule ukumbi wanakolaza watu waliofukuzwa."

Dereva alimtupia jicho: koti la mwanamume, gauni lenye alama ya kiatu. "Eish. Umepewa nafasi pale?"

"Mimi hapana," Mireille alisema. "Mtoto wangu."

Alilisema kwa sauti, na abiria wa nyuma wakasikia.